Mashine Iliyochungulia Kadi za Mama Zaituni

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa keki, saa ya ukutani na hotuba tatu, na katika hotuba zote tatu niliitwa nguzo ya kampuni. Nguzo ni kitu kinachosimama mahali pamoja na kupigiliwa misumari, kwa hiyo sikubisha. Nilipokuwa nashuka ngazi na saa yangu kwapani, Protus, anayeandika programu na anayeniita Mwarimu tangu siku ya kwanza, alinifuata akasema, "Mwarimu, andika basi. Hawa wapya wanafikirianga hii ofisi ilizaliwa na kapeti."

Nimeandika. Vyeo sitavitaja, maana nilipata viwili tu, na kila kimoja kilinijia kwa sababu mwenye kazi alikuwa ameacha na meza yake ilikuwa karibu na yangu.

Kabla ya gemu nilikuwa mwalimu wa taipu. Nilifundisha katika chuo kidogo cha uhazili hapa mjini Kakamega, chumba kimoja, mashine ishirini, wasichana ishirini wakigonga kwa pamoja mpaka mwenye duka la chini aje kulalamika. Kompyuta zilipoingia wasichana walipungua, na muhula wa mwisho nilikuwa na mashine ishirini na mwanafunzi mmoja, mpwa wa mkuu wa chuo. Chuo kikafungwa. Nilikuwa nimepita miaka arobaini. Ndipo nikaona tangazo kwenye duka la fotokopi: anatakiwa mtu mwenye vidole vyepesi, anayejua kuandika ripoti. Nikavaa sketi yangu ya mahojiano nikaenda, nikiamini wanatafuta sekretari.

Ofisi ilikuwa hapo hapo mlipo sasa, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Meneja, Bwana Dennis, alikuwa kijana kutoka Nairobi, suruali imembana na maneno yanamtoka mbio. Aliniketisha mbele ya televisheni akanipa padi, kile kidude cha vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili.

"Kampuni za ng'ambo zinatengeneza gemu," alisema. "Zile karata watu walikuwa wakicheza nyumbani na familia, sasa zinaingizwa kwa mashine ya TV. Kabla ziuzwe, lazima mtu azicheze mpaka ziharibike. Zikiharibika, anaandika."

"Nani anacheza?"

"Wewe, Mwalimu."

"Na nani anaandika?"

"Pia wewe."

Miaka mingi nilikuwa nimewaambia wasichana kwamba kidole gumba hakina kazi ila kuweka nafasi kati ya neno na neno. Sasa nilipewa kazi inayofanywa na vidole gumba peke yake. Vile vinane vyangu vilivyosoma vilikaa nyuma ya padi kama wageni wa heshima, na hivi viwili visivyojua kitu vikahangaika mbele. Siku hiyo mashine ilinishinda mara kumi na moja. Jioni mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, aliniuliza nimeshinda nikifanya nini. Nikamwambia nimecheza karata kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja. Alitafuna ugali wake polepole.

"Kanisani," alisema, "tutasema uko kwa kompyuta."

Kazi yenyewe nilijifunza kwa kuonewa. Ripoti yangu ya kwanza niliandika, "Gemu imeharibika." Ilirudishwa na mteja ikiwa na alama ya kuuliza. Nikaandika, "Gemu imeharibika sana." Ikarudi na alama mbili. Wiki hiyo ndipo nilipoelewa kwamba "imeharibika" ni kilio, si ripoti. Mtu aliye mbali anataka mambo matatu: ulifanya nini, kikatokea nini, na kilichopaswa kutokea ni nini. Uliketi wapi, ulibonyeza kitufe gani, mara ngapi, umeme ulikuwepo au ulikuwa umepotea. Nilinunua daftari la mraba nikaandika kila kitu kwa kalamu kwanza, kwa sababu mvua yetu ya saa tisa alasiri haina adabu. Radi moja tu, televisheni zote zinazima, betri ya akiba inalia pii pii kama kifaranga aliyepotea, na kazi ya mchana mzima imekwenda. Daftari halijawahi kuzimika. Vijana wangu, mkinicheka kwa jambo lolote, msinicheke kwa hilo.

Gemu zenyewe zilikuwa vichekesho. Kwenye jalada kulikuwa na familia, baba, mama, watoto na bibi, wote meno nje, wamekaa kochi moja. Ukiwasha, unaambiwa kila mchezaji awe na mashine yake, televisheni yake na intaneti yake. Niliwahi kujaribu gemu iliyoitwa ya jioni ya familia ambayo wachezaji wake wanne walitakiwa kuwa katika nyumba nne. Nyingine ilimpa bibi wa kuchora, anaketi pembeni ya skrini na kukusifu kila ukitupa karata. Ukitupa karata ya kijinga, anakusifu. Ukishindwa, anakusifu. Bibi yangu mimi angenitoa mezani kwa kofi.

Kisha wakaamua kututafsiria. Mtu fulani, sijui aliketi wapi, alipewa maneno ya karata na kamusi, na hakupewa karata hata moja azitazame. Maua akayaita virungu. Shupaza akaiita sepetu. Rundo la karata lililo mezani akaliita sitaha, kama tuko melini. Nililetewa skrini iliyoniamuru, "Changanya sitaha kisha utupe kirungu cha saba." Niliandika ripoti ya kurasa sita kwa adabu zote. Jibu likaja kwamba mtafsiri wao ana shahada. Nikawaandikia kwamba sina shaka, ila hana karata.

Mama Zaituni aliingia katika maisha yetu na chupa ya chai. Alikuwa mjane wa Mumias, amenizidi kama miaka kumi, akiishi mjini kwa binti yake Zaituni, na kila saa nne alipita maofisini kuuza chai ya tangawizi na mahamri. Alikuwa na desturi ya kusimama nyuma ya kiti changu akisubiri kikombe. Siku moja nilikuwa natupa karata, nikasikia nyuma yangu, "Usitupe hiyo, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Huyo wa kushoto anangoja hiyo hiyo. Ameweka tatu za namna hiyo tangu nilipoingia."

Sikumsikiliza, nikatupa. Wa kushoto akashinda. Bibi wa kuchora akanisifu.

Siku ya pili nilimpa padi. Mume wake, kumbe, alikuwa fundi wa mitambo aliyerudi nyumbani kila jioni na kucheza karata na mkewe mpaka azana ya isha, miaka na miaka, wakishindania nani ataosha vyombo. Alikuwa na kichwa cha kukumbuka kila karata iliyopita mezani. Nilimwambia Bwana Dennis huyu mama tusimwache aende na chupa yake. Dennis aliuliza ana vyeti gani. Nikamwambia ana macho. Alimchukua kwa mkataba wa mwezi mmoja mmoja, wenye kuandikwa upya kila mwisho wa mwezi, na mkataba huo ndio alioufanyia kazi miaka yote. Yeye alicheza, mimi niliandika. Kwenye karatasi nilikuwa mkubwa wake. Kwenye kazi, nilikuwa karani wake.

Alichonifundisha ni kutocheza kama mjaribu. Sisi tulicheza haraka haraka ili tumalize fomu. Yeye alicheza kama mtu aliye nyumbani kwake. Siku moja ilifika adhuhuri akaweka padi chini, akaenda kuswali, akarudi, akakuta gemu imemtangaza kuwa ametoroka na mchoro wake unalia machozi kwenye skrini. "Mimi sijatoroka," aliiambia televisheni. "Nilikuwa kwa Mola." Niliandika: mchezaji aliondoka kuswali, akahesabiwa amekimbia. Mteja akauliza kwa nini mchezaji aondoke katikati ya mchezo. Nikajibu kwamba katika nyumba yenye familia kuna swala, kuna sufuria motoni, kuna mgeni mlangoni na kuna ng'ombe aliyekata kamba, na kama wanauza gemu ya familia wajiandae kwa hayo yote. Wakaongeza kitufe cha kusimamisha. Mpaka leo kipo, na hakuna anayejua kilitokana na adhuhuri ya Mama Zaituni.

Sasa nije kwenye gemu ya kadi.

Kadi mnaijua. Hakuna mtu aliyekulia nchi hii asiyeijua, hata wale wa kanisani kwangu wanaojifanya hawaijui. Unapewa karata nne, unatupa inayofanana na ya mezani kwa namba au kwa ua, yaani kopa, uru, shupaza au maua yenyewe. Mbili na tatu zinamlisha mwenzako, yaani anaokota karata, na joka, ile karata ya mchekeshaji, inamlisha zaidi. Ukitupa ace, ile karata ya A, unaomba ua unalotaka, na mwenzako asipokuwa nalo anaokota. Ukikaribia kumaliza unasema kwa sauti, "Niko kadi," na usiposema, huwezi kumaliza. Kampuni ya ng'ambo ilisikia kwamba kuna mchezo huku ambao mamilioni wanacheza bure, jambo lililowauma, wakatuagiza tuwatengenezee wa kwao. Kwa mara ya kwanza hatukuwa tu wa kuharibu. Protus na wenzake waliandika programu hapa hapa Kakamega, na mimi na Mama Zaituni tukawa wa kujaribu.

Maagizo yao yalikuwa na mambo. Waliondoa "Niko kadi," wakisema mashine itajisemea yenyewe, mchezaji asisumbuke. Walitaka kusiwe na ugomvi. Nilimuuliza Dennis kadi bila ugomvi ni nini. "Ni amani, Mwalimu," alisema. Hayo tungeyavumilia.

Lakini Mama Zaituni alianza kushindwa. Katika levo ya juu kabisa mashine ilimshinda asubuhi, ikamshinda mchana, na yeye hakukasirika. Aliomba daftari.

"Andika, Mwalimu," alisema. "Kila ikitupa ace, andika imeomba ua gani, na mimi wakati huo nina maua gani mkononi."

Tuliandika kwa wiki mbili. Jioni ya mwisho aliweka kidole kwenye safu ya kwanza akakishusha hadi chini ya ukurasa, kisha ukurasa wa pili, na wa tatu.

"Haijawahi kuniomba nilicho nacho. Hata mara moja. Hii mashine inaonanga kadi zangu."

Nilicheza mwenyewe siku tatu nikapata vile vile. Tukaenda kwa Bwana Dennis na daftari. Alilipokea kwa ncha za vidole.

"Mama, hiyo ni akili ya mashine. Inapiga hesabu."

"Marehemu mume wangu naye alikuwa na akili," Mama Zaituni alisema. "Na hesabu alijua. Na alikuwa anakosea, Alhamdulillahi, ndiyo maana aliosha vyombo. Hii yako haikoseangi. Basi inaona."

Dennis alicheka akasema atauliza. Sikungoja aulize. Nilimfuata Protus kwenye meza yake, nikavuta kiti, nikamtazama tu, jinsi nilivyokuwa nikimtazama msichana aliyeangalia vidole vyake wakati wa kutaipu. Hakuchukua muda.

"Mwarimu, haichunguliangi," alinong'ona. "Inaletewa. Mimi ndiye nailetea. Kufundisha mashine icheze vizuri inataka miezi, na wao wanataka gemu mwisho wa mwezi. Nikaambiwa, basi ipe kadi za mchezaji iangalie."

"Uliambiwa na nani?"

Alitazama mlango wa Dennis, kisha akatazama viatu vyake.

Niliandika ripoti safi kuliko zote nilizowahi kuandika. Tulifanya nini, kikatokea nini, kilichopaswa kutokea ni nini. Jibu la mteja lilikuwa mstari mmoja: hiyo si kasoro, hicho ni kiwango cha ugumu. Siku iliyofuata Dennis aliniita na kuniwekea mbele ile fomu ya kutoa gemu. Mnaijua. Chini kuna sentensi inayosema kwamba mjaribu mkuu anathibitisha mchezo ni wa haki na hauna kasoro anayoijua.

"Mwalimu, watu wanane wanakula kutokana na hii kazi," alisema. Akanifungulia kalamu.

Nilitia sahihi. Ilikuwa sahihi nzuri, ya mwalimu wa taipu.

Nilipotoka, Mama Zaituni alikuwa anafunga chupa yake ya chai kwenye kitambaa. "Umeandika nini hapo ndani?" aliuliza.

"Jina langu."

"Jina tu?"

"Jina tu," nilimwambia.

Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuandikwa upya. Sababu iliyotolewa ni kwamba mteja anataka wajaribu wenye vyeti. Tangu alipoajiriwa hakuna aliyeviuliza tena, ila alipoiona mashine inaiba ndipo vikawa muhimu. Aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili, akarudi kwao Mumias. Na mimi nilirudi kwenye kiti changu nikawa naandika na kucheza peke yangu, na nilicheza vibaya.

Miezi michache baadaye tukaambiwa mkubwa wa kule ng'ambo anakuja kutuona. Mama mmoja mrefu, mpole, aliyependa kila kitu kabla hajakiona. Alitaka kupiga picha ya familia halisi ya huku ikicheza kadi kwenye mashine, kwa ajili ya jalada jipya. Ofisi iliingia wazimu. Dennis aliazima kochi kwa seremala wa Lubao, nalo likaja juu ya pikapu likiwa bado limevaa nailoni. Protus aliteuliwa kuwa baba na msichana wa mapokezi kuwa mama. Kilichokosekana ni bibi.

"Nataka bibi mwenye sura," Dennis alisema. "Wa leso. Unamjua yeyote, Mwalimu?"

Nikamwambia namjua mmoja. Sikumwambia jina.

Jumamosi nilikwenda Mumias. Nilimkuta Mama Zaituni uani akianika mihogo. Nilibisha hodi, akaitika kwa salamu zote, akaniuliza habari ya mume, ya watoto, ya mvua, ya betri inayolia pii pii, mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ile siku uliniuliza nimeandika nini. Nilikuambia ni jina tu."

"Nakumbuka."

"Halikuwa jina tu. Nilithibitisha kwamba mchezo ni wa haki."

Aligeuza vipande kadhaa vya muhogo. "Kwa nini ulitia sahihi?"

"Niliogopa."

"Haya," alisema. "Hapo umesema neno. Ungeniambia hukujua, ningekupa chai unywe uende zako na nisingekuona tena." Akaketi. "Sasa umekuja kuomba msamaha au umekuja na kazi?"

"Vyote."

Nilimweleza habari ya kochi na picha. Alisikiliza, akauliza swali moja. "Na hiyo mashine itakuwa imewashwa?"

"Itakuwa imewashwa."

"Kwa levo ya juu?"

"Nitaiweka mwenyewe."

"Nitakuja," alisema. "Nitavaa leso mpya."

Dennis alipomwona akipanda ngazi siku ile, rangi ilimtoka. Lakini mgeni alikuwa amekwisha kumshika bibi huyo mkono na kumwambia jinsi alivyo mrembo, na mpiga picha alikuwa tayari. Wakaketi kwenye nailoni. Mgeni alisema wacheze kweli kweli, hakutaka picha za kuigiza. Mama Zaituni akapokea padi, akatazama karata zake nne chini ya skrini, kisha akainuka. Alivua leso moja begani, akaitandaza juu ya nusu ya chini ya televisheni, karata zake zote zikafunikwa.

"Anafanya nini?" mgeni aliuliza kwa Kiingereza. Nilikuwa karibu yake, nikatafsiri kuanzia hapo hadi mwisho, na sikuhitaji kamusi.

"Protus, mwanangu," Mama Zaituni alisema, "ingiza kichwa chini ya leso, unichezee. Tupa utakavyo, okota utakavyo. Usiniambie nimebaki na nini. Mimi nitaangalia mashine tu."

Protus, baba wa familia, alichukua padi, akapiga magoti akaingiza kichwa chini ya leso. Mpiga picha alicheka akapiga. Wakacheza. Mashine ikatupa ace, ikaomba maua.

"Mimi sina maua hapo chini," Mama Zaituni alisema. "Hata moja. Mgeni afunue aone."

Mgeni akafunua pembe. Hakukuwa na maua. Akapiga makofi, akadhani ni kiinimacho. Leso ikarudishwa. Baada ya muda mashine ikatupa ace nyingine, ikaomba kopa.

"Sina kopa."

Mgeni akafunua. Hakuna kopa. Safari hii hakupiga makofi. Leso ikarudishwa, na tukawasikia watu wa duka la chini wakibishana juu ya dawa ya kupe. Mchezo ule ukaisha, mwingine ukaanza. Mashine ikatupa ace, ikaomba shupaza. Mama Zaituni aliweka mikono mapajani. Aligeuka tu akamtazama mgeni.

"Hana shupaza," mgeni alisema mwenyewe, taratibu. Akainuka, akaitoa leso yote. Protus akabaki hapo amepiga magoti, uso umemwiva. Hapakuwa na shupaza.

"Mnaona?" Mama Zaituni alisema. "Mimi najua kadi zangu kwa kuangalia mwizi."

Mgeni alimgeukia Dennis akauliza kama wajaribu waliliona jambo hili. Dennis alianza kunyoosha nailoni ya kochi. Nikaona kwamba nikinyamaza tena sasa, nitanyamaza mpaka siku ya kustaafu.

"Tuliliona," nilisema. "Huyu mama ndiye aliyeliona. Tuliandika, tukajibiwa kwamba ni kiwango cha ugumu. Kisha mimi nikatia sahihi kwamba mchezo ni wa haki. Sahihi ni yangu, niliitia kwa kalamu ya ofisi na akili zangu timamu."

Mchana huo tulikula obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, kwa heshima ya mgeni, na mazungumzo yote yalikuwa ya Mama Zaituni, ambaye alimweleza mgeni jinsi ya kumtambua kuku aliyepikwa kwa haraka.

Sitawaambia kwamba haki ilishuka kutoka mbinguni. Kilichofuata ni mikutano. Baada ya mikutano, kampuni ya ng'ambo iliamua kuongeza kitu kwenye ukurasa wa mipangilio, chini kabisa, baada ya lugha na sauti. Kinasema "Mashine icheze kwa haki," na mbele yake kuna ndiyo na hapana. Ukinunua gemu ukaiwasha bila kugusa kitu, imewekwa hapana. Walisema wateja wengi wanapenda changamoto. Na ile picha ya jalada ilitoka kweli: Mama Zaituni kwenye kochi, meno nje, mikono juu. Mtu anaweza kudhani ameshinda. Leso iliyokuwa kwenye televisheni waliifuta.

Dennis alimwita arudi kazini, safari hii kwa mkataba wa mwaka mzima. Mama Zaituni alikunywa chai yake, akashukuru, akakataa. Alisema Mumias kuna wanawake wanne anaocheza nao kila alasiri, na wote wanne ni wezi, lakini wanaiba kwa macho yao wenyewe na ukiwakamata wanaona haya. Nilimsindikiza hadi stendi. Nilimuuliza kama amenisamehe. "Mdogo wangu," alisema, "unaulizanga sana," akapanda gari.

Wiki chache baadaye kulikuwa na gemu nyingine ya familia, yenye bibi mwingine wa kuchora, na kasoro tisa ambazo mimi na wajaribu wapya wenye vyeti tuliziandika vizuri, mojawapo ikifuta alama za mchezaji kila akishinda mara tatu. Dennis aliniletea fomu ya kutoa gemu. Nilisoma ile sentensi ya chini, nikamrudishia bila kuandika kitu.

"Mwalimu, umesahau kutia sahihi."

"Sijasahau."

"Tarehe ni kesho."

"Basi tia wewe. Kuna nafasi ya meneja."

Alichukua kalamu. Akaishika juu ya karatasi kwa muda, kama mtu anayepima maji kwa kidole. Kisha akaiweka chini, akavuta ripoti yetu iliyokuwa chini ya fomu, na akaanza kusoma akiwa amesimama. Kurasa kumi na nne. Alipofika ya tano akatafuta kiti. Miaka yote ile nilikuwa nikimwandikia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akigeuza ukurasa.

Alipomaliza alivua miwani. "Kwa hivyo hii gemu haiwezi kutoka?"

"Ndivyo tulivyoandika," nikamwambia.